Kwa mwanangu mwenye mguu mzito

Mwanangu,

Assalaam alaikum. Sisi wazima, maji tu ndiyo yamekatika tangu Jumatatu, twachota kwa jirani. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hunisikilizi. Nikianza tu, waniambia "sawa mama, sawa", nami sawa ya namna hiyo naijua tangu ulipokuwa ukitoroka chuoni.

Umesema gari linakunywa mafuta. Umelipeleka kwa fundi mara mbili, umebadilisha plagi, umebadilisha filta ya hewa, na sasa wataka kuliuza. Kisha papo hapo nikakusikia wamsimulia mdogo wako kwamba Ijumaa ulitoka Nyali ukafika Malindi kwa saa moja na robo. Kilomita karibu 120, na matuta yake yote, na mji wa Kilifi katikati! Fundi wa nini? Ugonjwa uko kwenye mguu wako wa kulia.

Usiniambie mama hajui kuendesha. Kweli sijui, usukani sikuushika ila kuufuta vumbi. Lakini hesabu ya mafuta ya ile Peugeot 504 ya marehemu babako niliiandika mimi, miaka 11. Likijazwa tangi hadi juu naandika namba ya kilomita. Likijazwa tena natoa ile namba ya kwanza kwenye ya pili, nagawanya kwa lita zilizoingia. Mshale wa mafuta sikuuamini hata siku moja. Babako, kwenda Mombasa na kurudi, lita 24. Alipougua tukamweka yule dereva kijana: gari lile lile, abiria saba wale wale, ikawa lita 31. Nikamwita mwizi, na watu wakisikia. Nilidhani anafyonza petroli usiku kwa mpira. Hata nilipopanda naye siku moja hadi Kilifi ndipo nikaona. Alikuwa akikanyaga mpaka kwenye tuta, akifunga breki watu wote tukaenda mbele, akivuka, akikanyaga tena. Petroli iliyolipandisha gari mbio umekwisha kuilipia, nawe wafika kwenye tuta waigeuza joto la breki. Babako alikuwa akiliona tuta la Gede kabla halijaonekana, anaondoa mguu mapema, gari lajiendea lenyewe. Yule kijana aliacha kazi mwezi ule ule. Sijui kama aliambiwa kuwa hakuwa mwizi.

Na upepo. Ukiwa kwenye 80 toa mkono dirishani uone unavyosukumwa, halafu panda 110... la, usitoe mkono, wala usipande. Nakwambia tu: kutoka 80 hadi 110 ule upepo unakaribia kuwa maradufu, na anayeshindana nao ni mfuko wako. Kwa faida gani? Kwa 80 ni saa moja u nusu. Kwa 110, barabara ikiwa tupu kama kiganja, ni saa moja na dakika tano. Lini umeiona tupu? Mtwapa pekee yatosha kukunyang'anya dakika zote ulizoziiba Vipingo, nawe umekaa foleni injini yaunguruma, nusu lita na zaidi kwa saa yaenda bure. Kisha kila tarehe 14 EPRA, wale wa serikali wanaopanga bei ya mafuta, wakitangaza bei, wanipigia mimi kulalamika.

Punguza mguu, mwanangu.

Kingine, ile tabia ya kutia fri kwenye mteremko, gari lishuke bila gia. Najua umeitoa wapi. Babako akifanya hivyo, nami nikimsifu mbele yako kwamba ana akili ya kubana matumizi. Gari lake lilikuwa la kabureta, mtambo wa mafuta wa kizamani. Haya ya sasa, fundi wa Majengo kanieleza, likiwa ndani ya gia na mguu hauko kwenye mafuta, mtambo hukata petroli wenyewe. Ukitia fri ndipo linaanza kunywa ili lisizimike. Na gari lililo fri injini hailizuii, breki zabaki peke yake. Basi acha. Upepo wa magurudumu pima asubuhi kabla hayajapata moto, na ile keria juu ya gari iteremshe, hubebi kitu. Ila usiiteremshe kabla hujaleta godoro la dada yako.

Usidhani sijivuni. Siku ulipoliegesha hapa mlangoni nilitoka na leso mpya, nikazunguka mtaa mzima nikijidai nakwenda dukani kununua chumvi, na chumvi ilikuwako. Hakuna katika nyumba hii aliyewahi kununua gari bila kukopa. Lakini kijana mwenye gari asiye na petroli ya kufikia mwisho wa mwezi, akamkopa dada yake elfu mbili? Ndiyo, kaniambia.

Juzi baada ya alasiri msikitini walitangaza maziko. Kijana wa rika lako, barabara hiyo hiyo. Nilisimama na ungo mkononi mpaka mchele ukamwagika, kwa sababu jina la kwanza lilikuwa lako. Mimi lakini nasema habari ya mafuta tu. Lita ni pesa.

Nimefikiri pia habari ya Ramadhani iliyopita. Kila dakika kumi nakupigia: umefika wapi, umevuka daraja la Kilifi, adhana yakaribia, futari inapoa. Mtu akipigiwa hivyo atafanya nini ila kukanyaga? Mara hii sitapiga. Ukitoka Mombasa niambie nimetoka, basi. Magharibi ikikukuta njiani simama Matsangoni, ule tende zako na maji, usali, ndipo uondoke.

Bati la jikoni bado lavuja pale pale. Mbuzi wa shangazi yako kaula mpapai mdogo hadi shina, nami sitaki kusema naye wiki hii. Ukija leta raba ya mtungi wa gesi, iliyopo yanuka, na kilo mbili za mbaazi kutoka Kongowea, hapa zimepanda. Mahamri nitakuwa nimeshapika. Sahani yako naifunika kwa kawa, hata ukifika saa tano ya usiku utaikuta.

Mamako