Kwa Nini Hatufungi Kifaa cha Haidrojeni Kwenye Gari Lako

Kila tarehe 14 ya mwezi, EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, ikishatangaza bei mpya za mafuta, simu za gereji yetu hapa Malindi huleta swali lilelile: mnafunga kile kifaa cha haidrojeni kinachosemekana kupunguza ulaji wa petroli? Wanaouliza zaidi ni madereva wa Probox na wa matatu za Mombasa, watu ambao petroli ndiyo inayowamaliza. Jibu letu ni hapana, na kwa kuwa pesa ni zenu, mna haki ya kujua sababu.

Kifaa chenyewe ni mtungi wa maji wenye mabamba ya stenlesi, unaofungwa chini ya boneti. Umeme wa gari ukipita humo, maji hutengana yakawa haidrojeni na oksijeni, na gesi hiyo huingizwa kwa mpira kwenye njia ya hewa ya injini. Hilo ni kweli, mapovu utayaona kwa macho yako. Lakini umeme huo unatoka kwa altaneta, altaneta inazungushwa na injini, na injini inakula petroli. Katika sehemu 100 za nguvu iliyomo kwenye petroli, injini hugeuza kama 25 tu kuwa mzunguko. Altaneta hupoteza karibu nusu ya inachopokea, mtungi nao hupoteza chake kwa joto, kisha gesi inaingia injini ileile na kukatwa tena. Zinazorudi ni mbili au tatu.

Mtungi wa kawaida hutoa kama lita moja ya gesi kwa dakika. Ukiendesha saa nzima, tuseme kutoka hapa hadi Kilifi, haidrojeni yote uliyotengeneza ina nguvu sawa na petroli isiyojaa kijiko kimoja cha kulia wali. Wauzaji husema kazi ya gesi ni kusaidia petroli iungue yote. Injini isiyo na hitilafu tayari inaunguza karibu yote. Kinachopotea ni joto linalotoka kupitia ekzosi na rejeta.

Mbona basi wengine huapa kwamba wameokoa mafuta? Vifaa vingi huja na kidude cha kudanganya sensa ya oksijeni, ile inayopima moshi wa ekzosi ili kompyuta ya gari ijue petroli ya kumwaga, na kompyuta ikapunguza petroli. Gari likinyimwa mafuta hivyo, injini hupata moto kupita kiasi na valvu huungua. Hapo ndipo tunapoumia, kwa sababu kufungua silinda hedi ni gharama kuliko petroli ya miezi.

Na kwetu Pwani kuna hatari nyingine. Visima vingi vina maji ya chumvi, na umeme ukipita kwenye maji ya chumvi hutoa klorini, ambayo ni sumu. Wengine hutia kostiki (soda kali) kwenye maji ya mtungi ili umeme upite vizuri, nayo huunguza ngozi na macho.

Haidrojeni si uongo. Toyota Mirai, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 2014, huitumia, lakini hujazwa kituoni ikiwa tayari, haiitengenezi njiani. Stanley Meyer wa Marekani alidai gari lake linakwenda kwa maji. Mwaka 1996 mahakama ya Ohio iliamua huo ni ulaghai, na akaamriwa awarudishie wawekezaji pesa zao.

Mafuta yanapotea mahali pa kawaida kabisa. Tunakuta magari mengi yaliyong'olewa themostati, valvu inayozuia maji ya rejeta hadi injini ipate joto, ati injini isichemke. Injini hiyo haipati joto lake, na kompyuta inazidi kumwaga petroli. Hewa ya chumvi hushikisha kaliipa zinazobana breki, breki zikasuguana mchana kutwa bila dereva kujua. Tairi hazina upepo wa kutosha, sensa ya oksijeni imekufa, taa ya injini imewaka tangu mwaka jana na mtu ameizoea.

Leteni gari asubuhi kabla halijapata moto, tukague hayo. Tutajaza tangi pamoja, uende kazini kwako wiki moja ukiandika kilomita, kisha tujaze tena na kugawanya kilomita kwa lita zilizoingia. Aliyekwisha kufunga mtungi na aje tuung'oe na kuirudisha sensa ilivyokuwa. Asimwage maji yake mwenyewe, huenda yana kostiki.