Paa limeondoka somo likiwa katikati: harambee ya mabati, Urambo

Shikamooni wazee wetu, na salamu kwenu wahitimu, wazazi na walezi mlioko Tabora mjini, Kaliua, Dar es Salaam na kokote riziki ilikowapeleka.

Tunaona haya kuwapigia hodi tena. Mwaka juzi mlitujengea vyoo, na madawati mliyoyaleta kwa trekta bado ni imara. Ila upepo wa Februari umeezua nusu ya darasa la Kidato cha Pili, na mabati yaliyobaki yana matundu kama chekeche.

Siku ile mwalimu wa Baiolojia alikuwa akieleza jinsi dunia ilivyokuja kujua kwamba sigara inaleta saratani. Alianzia mwaka 1950, Richard Doll na Austin Bradford Hill wa Uingereza walipotoa matokeo ya kuwahoji wagonjwa 709 wa saratani ya mapafu katika hospitali za London, na wagonjwa wengine 709 wasio na saratani hiyo. Mwanzoni Doll alishuku lami na moshi wa magari. Majibu yalipozidi kuja, akaacha sigara yeye mwenyewe. Kati ya wanaume 649 wenye saratani, wasiovuta walikuwa 2 tu.

Kisha mwalimu akaandika ubaoni: Januari 4, 1954. Siku hiyo kampuni za tumbaku za Marekani zililipia tangazo katika magazeti zaidi ya 400, zikidai hakuna uthibitisho kwamba sigara inaleta saratani. Hapo ndipo paa likang'oka. Watoto wakatimka na madaftari kichwani, wino ukichuruzika.

Kwa siku kumi na moja, neno la mwisho katika madaftari yale lilikuwa la kampuni. Hao Wamarekani wenyewe walisubiri miaka kumi, hadi Januari 11, 1964, mganga mkuu wa serikali yao, Luther Terry, alipotoa ripoti kwamba sigara inaleta saratani. Aliitoa Jumamosi, kwa kuhofia soko la hisa. Pesa huogopwa kila mahali.

Somo limemaliziwa ndani ya bani kuukuu, banda la kukaushia tumbaku, tuliloazimwa na mzee jirani. Halina dirisha. Wanafunzi 58 wanakalia matofali, wanasoma madhara ya tumbaku huku wakinusa tumbaku. Wapo waliocheka.

Tumeulizwa pia: mnaomba hela ya tumbaku mkafundishe kwamba tumbaku inaua? Ndiyo, tunaomba. Ada zetu sote na mabati ya kwanza ya shule hii vilitoka kwenye majani hayohayo. Sheria ya kudhibiti bidhaa za tumbaku nchini ni ya mwaka 2003, lakini huku mtoto anayefunga majani yenye umande kwenye fito, akapata kizunguzungu na kutapika, bado huambiwa ni malaria. Kumbe ni nikotini imepenya ngozini. Nani atamwambia, kama si mwalimu, na mwalimu ananyeshewa?

Yanahitajika mabati 54 ya geji 28, mbao za kenchi, misumari na ujira wa fundi: jumla Sh 3,480,000. Zipo Sh 1,120,000, na sehemu kubwa imetoka kwa akina mama wa vikoba. Wahitimu wenye magari mnajijua, hatutaji majina.

Harambee ni Jumamosi ijayo, saa nne asubuhi, uwanja wa shule. Padri na shehe watatuombea dua. Kuku, mahindi na mbao vinapokelewa, vitapigwa mnada hapohapo. Kila mchango una risiti, mweka hazina na mkuu wa shule watasaini pamoja, na hesabu itabandikwa ofisi ya kijiji. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Mzee wa bani ameahidi kuja na mabati mawili. Anachoomba ni bani lake liwe tupu ifikapo Jumatatu, maana majani yake yameshaiva shambani.