Mhariri, kwenye ukame bustani inachimbwa chini, hainyanyuliwi juu

Ndugu Mhariri,

Mi ni msomaji wenu wa siku nyingi na ukurasa wa bustani ndo ninaoanza nao kabla hata ya michezo, kwahiyo naomba msinichukulie vibaya. Ile makala ya majuzi ya bustani ya nyumbani, yenye picha ya maboksi ya mbao yamejazwa udongo mpaka kiunoni na mboga zimesimama kijani kama zimepakwa rangi, ilikuwa nzuri kuiangalia ila jamani ushauri ule unawafaa watu wa mvua. Kule ambako maji yanatuama, kunyanyua tuta ni akili, mizizi isioze. Sisi wa joto na ukavu shida yetu ni kinyume, maji hayakai, sasa ukishaupandisha mmea juu ya boksi umeuanika kwenye upepo na jua pande zote, mbao zinapata moto ubavuni, udongo unakauka kuanzia juu na pembeni, na maji uliyomwaga yanatokea chini. Hapo hujajenga bustani, umejenga jiko.

Najua kwa sababu nililijenga. Maboksi matatu, mbao safi, udongo wa kununua, nikapanda nyanya na mchicha na pilipili, na kila jioni namwagilia kwa mpira mpaka pote pawe peusi, roho inatulia, naenda kulala. Wiki ya tatu mchicha ukaanza kutoa mbegu ukiwa na urefu wa kiganja na nyanya zikawa zinatoa maua halafu yanadondoka. Nikaongeza maji. Siku moja nimetoka kumwagilia hapo hapo nikachomeka kidole, kiungo cha kwanza tope, kiungo cha pili vumbi, kavu kama unga. Nikachomeka boksi la pili, hivo hivo. Kumbe siku zote hizo nilikuwa naogesha uso wa udongo tu, na mizizi imezoea kukaa juu juu ikisubiri maji ya jioni, na huko juu ndo jua linapopiga.

Basi nikabomoa, nikachimba. Upana wa mita moja na kidogo ili mkono ufike katikati bila kukanyaga ndani, urefu wowote utakao. Unatoa udongo wa juu unauweka pembeni, unalegeza wa chini mpaka kama sentimita 30, unachanganya na mboji au samadi iliyooza kweli kweli (samadi mbichi inaunguza miche, nimeona kwa macho yangu), halafu unarudisha ila usijaze, uso wa kitalu ubaki chini ya usawa wa ardhi sentimita 10 mpaka 15. Udongo uliobaki unaufanya ukingo kuzunguka. Ukimwaga maji hayana pa kukimbilia, upepo unapita juu juu, miche midogo inapata kivuli cha ukingo asubuhi na jioni, na ile mvua ya dakika kumi inayokuja mara moja na kupotea inaingia humo yote badala ya kukimbilia barabarani na taka zake.

Wala sio ugunduzi wangu, msije mkadhani najisifu. Wazuni, wenyeji wa asili wa New Mexico kule Marekani, ambako ni jangwa, wamelima mboga miaka na miaka kwenye vijitalu vidogo vya mraba vyenye kingo za udongo, vimepangwa vimeshikana kama sega la nyuki, unamwagia kila chumba peke yake. Na huku Afrika kuna mzee Yacouba Sawadogo wa Burkina Faso, aliyefariki 2023, yule alichukua vishimo vya zamani vya kwao vinaitwa zai, akavipanua, akatia samadi ndani wakati wa kiangazi kabla mvua haijaja, na ardhi iliyokuwa ngumu kama sakafu ikarudi kuwa shamba na msitu, mpaka 2018 akapewa tuzo ya Right Livelihood. Mwanzoni majirani walimwona kachanganyikiwa. Sasa kama shimo limeweza kule kwenye ukingo wa Sahara, halishindwi uani kwangu wala kwako.

Ila niseme ukweli wote, kama udongo wako ni mfinyanzi mzito na mvua zenu zikija zinakuja kwa fujo, kitalu cha kuzama kitageuka bwawa na nyanya zitakufa zimezama. Acha mlango mdogo kwenye ukingo unaoweza kuuziba na kuuzibua kwa jembe, na uchanganye mboji nyingi zaidi.

Sasa matandazo, yaani vile vya kufunika udongo, na hapa naomba nafasi maana makala yenu iliyataja kwa sentensi moja tu, tena eti "kwa kupendezesha". Kupendezesha! Udongo wazi kwenye jua la saa nane ni sawa na sufuria bila mfuniko. Nyasi kavu, majani, pumba, chochote kilichokuwa mmea, unene wa sentimita 5 mpaka 10, usiguse shina maana shina litaoza, acha nafasi ya vidole vitatu. Weka mkono wako chini ya matandazo mchana wa jua kali halafu uweke pale palipo wazi pembeni, utaelewa bila kuelezwa na mtu. Watu huniuliza mchwa je. Kweli wanakuja. Kwenye zai mchwa ni rafiki kabisa, wanafuata samadi na kutoboa vijia ardhini ambavyo maji yanapita, lakini kwenye kitalu kidogo cha miche wanaweza kukutia hasara, kwahiyo mi matandazo naweka baada ya miche kupata nguvu, naweka membamba membamba na kuongeza, nayaacha yawe na unyevu kidogo, na vipande vya miti mikavu nimeviondoa kabisa. Mawe madogo msiweke kwenye mboga, yanahifadhi joto mpaka usiku.

Jambo linalonifurahisha kuliko yote ni mtungi. Ule mtungi wa kawaida wa udongo uliochomwa, usiopakwa rangi wala kung'arishwa, unaufukia kitaluni mpaka shingoni, unajaza maji, unafunika. Basi. Udongo ukiwa mkavu unanyonya maji kupitia ukuta wa mtungi, ukishalowa unaacha kunyonya, yaani mmea unajipimia wenyewe. Uchina walishaandika kuhusu mitungi ya namna hii zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Mimea iwe karibu, kama sentimita 20 mpaka 30 kutoka kwenye mtungi, ukiweka mbali usinilaumu. Asubuhi nafunua kifuniko naona maji yameshuka vidole vinne na juu ya udongo pakavu kabisa, hata magugu hayana la kunywa. Msimu ulipoisha nikachimbua mtungi mmoja ulioanza kugoma, nikakuta mizizi ya nyanya imeukumbatia pande zote kama nywele zilizolowa, ikabidi niibandue kwa mkono. Kuhusu huko kugoma, kama maji yenu yana chumvi ule ukuta unaziba taratibu, loweka kwenye maji yenye siki, sugua, rudisha. Na kifuniko ni lazima, bila kifuniko umefuga mbu.

Asiye na mtungi amwagilie kwa ndoo, hamna shida, ila amwagilie kwa kina halafu aache siku, asifanye kama mimi wa kunyunyiza kila jioni. Na asidanganywe na majani. Mboga zenye majani mapana zinalegea saa nane mchana hata kama chini kuna maji, zinajikunja kulikimbia jua, jioni zinasimama zenyewe. We ziangalie alfajiri, zikiwa bado zimelegea hapo ndo zina kiu. Halafu kidole, kila siku kidole, hiyo ndo mashine yangu ya kupima. Nyanya zikioza kitako, ile doa jeusi la chini, watu wanakimbilia dawa wakati mara nyingi ni maji ya leo mengi kesho hamna, kalsiamu haifiki kwenye tunda. Kuhusu maua kudondoka, joto nalo lina sehemu yake, mchana ukizidi nyuzi 35 hivi na usiku usipopoa hata umwagilie asali tunda halishiki, hapo tafuta neti ya kivuli inayozuia asilimia 30 mpaka 50 ya jua au panda vitu vyenye roho ngumu kama bamia na kunde, nyanya zisubiri miezi ya baridi kidogo. Sijui kwanini makala zote za bustani zinaanza na nyanya.

Maji yenyewe yanatoka wapi. Hesabu ndogo ambayo shuleni sikuipenda ila sasa naipenda, mvua ya milimita 1 kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita 5 kwa 8 ni mita 40 za mraba, mvua ya milimita 10 tu ni lita 400 ukitoa za kupotea njiani, na zile za mwanzo zenye vumbi na kinyesi cha ndege ziache zimwagike. Maji ya kusuuzia nguo nayo nayatumia ila kwenye miti ya matunda, sio kwenye mboga za majani tunazokula mbichi, na siyaweki kwenye pipa kukaa siku mbili maana yananuka vibaya. Yenye sabuni nyingi ya unga au dawa ya kung'arisha nguo namwaga kwingine, chumvi zake zinagandisha udongo, unaona utando mweupe juu halafu maji hayaingii tena.

Ombi langu mhariri ni dogo. Makala ya bustani ikiletwa mezani kwenu mwulizeni mwandishi kwanza, hii ni ya sehemu yenye mvua au sehemu kavu, na muandike hapo juu kabisa kabla mtu hajaenda kununua mbao. Na siku moja mtutolee picha ya kitalu cha kuzama, japo nakubali kwa picha hakipendezi, kikiwa kipya na ule ukingo wake kinafanana na kaburi. Cha kwangu cha kwanza nilikimaliza jioni, jirani akapita akasimama ukutani akavua kofia, akaniuliza kwa sauti ya chini, "pole ndugu yangu, ni nani?"

Msomaji wenu,
Mchimbaji wa uani