Mafunzo ya bodaboda yafike hadi stejini

Mhariri,

Wazo la kuwafunza waendesha bodaboda nchi nzima ninaliunga mkono, mradi lisiishie Kampala. Hapa Busia, mpakani ambako kazi hii ilianza kwa baiskeli miaka ya 1960, kijana hufundishwa pikipiki na rafiki jioni moja, na kesho yake anabeba abiria wawili na gunia la mahindi. Juzi dereva wangu alikanyaga breki ya nyuma pekee kwenye lami iliyolowa, tukaserereka hadi mtaroni. Alidai ya mbele huangusha watu, ilhali ndiyo yenye nguvu zaidi ikibanwa taratibu. Helmeti yake (alikuwa nayo!) ilining'inia kwenye usukani. Wakufunzi waje stejini, wafundishe kwa Kiswahili, wakianza na breki.

Msomaji wako,
Busia, Uganda