Kuvuta soksi si kutiwa moyo

Mheshimiwa Mhariri,

Kasumbalesa ndiyo mlango wetu wa Zambia, kwa hiyo hapa Lubumbashi Kiingereza cha kazini kinatafutwa sana. Shida ni orodha za misemo zinazosambazwa kwa simu: kila kitu kimewekwa chini ya "kutia moyo", wakati nusu yake ni makaripio.

"Pull your socks up" ndiyo inayoponza wengi. Anayekuambia uvute soksi anasema kazi yako imeshuka na ameiona. Ni maneno ya mkubwa kwa mdogo. Usimwambie shefu wala mteja. "Kaza buti" yetu iko karibu, ila buti halibebi lawama na soksi inabeba.

"Chin up", inua kidevu, huambiwa mtu ambaye jambo limekwisha kumharibikia. Ni "piga moyo konde". Ukimwambia mwenzako kabla ya mtihani, atajiuliza umesikia nini kuhusu matokeo yake. Kabla ya mtihani "good luck" inatosha. "Break a leg" nayo ni ya jukwaani, kwa waigizaji na wanamuziki. Mchimbaji anayeshuka shimoni usimtakie kuvunjika mguu!

Kwenye kukaripia, sarufi nayo ina mitego. "Tell the driver off" na "tell off the driver" (mkaripie dereva) zote ni sawa, lakini dereva akigeuka "him", lazima akae katikati: "tell him off". "Tell off him" haisemwi. "Dressing-down" ni karipio kali, mara nyingi la mkubwa kwa mdogo. Hata hivyo tangazo la ofisi likisema Ijumaa ni siku ya "dress down", hakuna atakayegombezwa. Mnaruhusiwa kuacha suti nyumbani. Na "dress up" si kusifu, ni kupendeza kwa mavazi.

"Read the riot act" ina uzito kuliko zote, na asili yake inaeleza kwa nini. Riot Act, yaani sheria ya ghasia ya Uingereza, ilianza kutumika mwaka 1715. Watu 12 au zaidi wakikusanyika kwa fujo, ofisa wa serikali aliwasomea tangazo. Waliobaki pale baada ya muda wa saa moja kupita walikabiliwa na adhabu ya kifo. Ndiyo maana leo msemo huu ni onyo la mwisho: acheni, la sivyo mtaona. Aliyechelewa mara moja hasomewi hiyo.

Teke la matakoni, "kick up the backside" kwa Waingereza na "kick in the pants" kwa Wamarekani, humwamsha mvivu, lakini liishie kati ya marafiki.

Mwanafunzi akiandika msemo daftarini, aongeze mambo matatu kando yake: nani anasema, kwa nani, kabla au baada ya kosa. Na kwenye barua ya onyo misemo yote hii ikae nje. Andika tarehe, kosa, na kinachotakiwa kurekebishwa.

Mwalimu wa Kiingereza,
Komini ya Kenya, Lubumbashi