Kabla ya kupiga Windows, toeni mafaili kwa flashi

Mhariri,

Laptopu ikikwama kwenye nembo au ikaleta skrini ya bluu, jibu la haraka kwenye meza nyingi za mafundi Kariakoo ni "tupige Windows upya." Mara nyingi diski hufutwa yote, na hesabu za duka, picha za harusi na utafiti wa mwanafunzi huenda nayo. Wakati huo diski yenyewe huenda ni nzima, kilichoharibika ni Windows tu. Nawaomba wenye mali wadai kwanza kompyuta iwashwe kwa flashi ili mafaili yatolewe.

Flashi ya GB 8 inatosha. Faili la ISO (nakala nzima ya mfumo) la Linux Mint, mfumo wa kuendesha kompyuta kama ilivyo Windows, lenye takriban GB 3, liandikwe kwenye kompyuta nyingine kwa programu ya Rufus, ambayo itafuta vyote vilivyomo kwenye flashi hiyo. Ukilikopi kama unavyokopi wimbo, mashine haitawaka nalo. Chomeka, washa, na papo hapo gonga-gonga F12 kwa Dell na Lenovo nyingi, au F9 kwa HP. Ukichelewa sekunde chache, Windows mbovu inajianzisha tena. Menyu ikitokea, chagua flashi. Mint itafanya kazi kwenye RAM (kumbukumbu ya muda) bila kugusa diski, ila ile alama ya kusakinisha iliyo kwenye skrini iacheni kabisa, maana hiyo ndiyo hufuta.

Sasa kopi mafaili kwenda diski ya nje. Diski ya ndani ikitoa mlio wa tik-tik, anza na nyaraka, video ziwe za mwisho, kwa sababu inaweza kufa wakati wowote.

Mashine nyingine zitadai ufunguo wa BitLocker, kufuli la Windows linaloficha yaliyomo kwenye diski, wenye tarakimu 48. Mara nyingi umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye kompyuta. Bila huo fundi hana ujanja. Wala asikimbilie kuzima Secure Boot, kinga inayozuia mashine kuwaka kwa mfumo usioaminika: Mint kwa kawaida huwaka hata kinga hiyo ikiwa imewashwa, na kuizima kunaweza kuifanya hata Windows idai ufunguo huohuo.

Jihadharini pia na flashi bandia zinazojitangaza kuwa na GB 512 kwa bei ya kutupa. Majina ya mafaili yanaonekana, lakini ndani hamna kitu. Kwa hiyo chomeka nakala kwenye kompyuta nyingine, fungua picha na nyaraka kadhaa mpaka mwisho, ndipo umruhusu fundi afute.

Fundi kompyuta,
Kariakoo, Dar es Salaam