Ukija na watoto vuli, tazama mwezi kwanza

Wete, Pemba
5 Novemba

Mpenzi rafiki yangu Rehema,

Salaam nyingi kutoka kwetu. Mama hajambo na anakusalimia wewe na wajukuu zake wa Morogoro. Mvua za vuli zimeshatufikia: hunyesha usiku au alfajiri, kisha jua hutoka na kisiwa kizima kinanukia majani.

Barua yako imenisikitisha pale uliposema unaahirisha safari, kwamba Pemba ni ya wenye dola na watoto wawili wadogo watakumaliza mfukoni. Usiahirishe, nakuomba. Gharama yako ni basi na meli. Ukishateremka bandari ya Mkoani wewe ni mgeni wetu, kulala na kula usitie hesabuni. Matembezi ya watoto nitayapanga mimi, na mengi ni nauli ya gari tu. Anayepakatwa halipi.

Ila kabla hujakata tiketi, tazama mwezi. Huku kwetu matembezi ya watoto hayaendi kwa Jumamosi na Jumapili, yanakwenda kwa maji. Mwezi ukiandama, yaani mpya unapoonekana, na tena ukifika kumi na nne au kumi na tano, ni bamvua. Bahari hujaa sana alfajiri na jioni, na hukauka mbali sana mnamo saa nne au saa tano asubuhi. Saa hizo ndizo za watoto wadogo: wameshakula, hawajachoka, na pwani yote iko wazi. Mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu. Bahari haitoki mbali, na kupwa kwenyewe kunaangukia saa mbaya. Kwa hiyo ukifika siku moja mbili kabla ya mwezi kuandama, tutaanza na pwani, kisha maji yakifa tuingie shamba. Na vuli ina neema nyengine: upepo wa kusi umeshakufa, wa kaskazi haujashika, bahari imetulia. Mwezi wa saba nisingekuita na watoto wa umri huo.

Siku ya bamvua tutapanda gari ya Konde asubuhi na mapema, twende Tumbe. Kuna diko kubwa pale. Ngalawa na mashua zinaingia, samaki wanamwagwa chini na kunadiwa, na mtoto aliyezoea samaki wa kwenye jokofu ataona changu, taa na pweza wote pamoja. Hakuna kiingilio. Nitanunua kitoweo cha mchana hapo hapo, kwa hiyo hata hayo matembezi ni safari ya sokoni niliyokuwa niifanye.

Maji yakishapwa tunashuka. Hapa ndipo ninapotaka uache saa nzima ipite bila haraka. Katika vidimbwi vilivyobakia kuna viti vya pweza, wale wanyama wenye umbo la nyota, majongoo bahari, vidagaa visivyojua pa kukimbilia, na kaa waliohamia ndani ya makome ya wengine. Mwambie Baraka, mkubwa wako, akae kimya mbele ya kome moja, alitazame mpaka litoe miguu litembee. Tunaangalia, tunashika kwa upole, tunarudisha pale pale. Kome lenye uhai haliondoki pwani, na hili nalishikilia hata kwa wanangu, kwa sababu watoto wakibeba beba kila siku, wanaokuja nyuma yao watakuta mchanga mtupu.

Wavalishe viatu vya plastiki vya kufunga, maana kuna wanyama wenye miba mirefu myeusi, na ukikanyaga mmoja siku imekwisha. Na jambo la kushika zaidi ya yote: utawaona kina mama wanaochokoa pweza mbali kwenye miamba. Wakigeuza kurudi, na sisi tunageuza, hata kama mtoto analia. Maji yanapojaa hupita kwanza mikondoni, yakakuzunguka kwa nyuma wakati mbele yako bado pakavu. Wao wanayajua kuliko mimi. Sisi wenyewe tutajifunga khanga zetu kama tunavyotembea mtaani. Ni pwani ya watu wanaofanya kazi, na ukivaa hivyo utakaribishwa na kila mtu.

Ya kuchezea usinunue. Mume wangu anasuka vititia vya makuti, vya kuzungushwa na upepo, kwa dakika chache, na anachonga ngalawa za makumbi ya nazi zenye tanga la jani. Watoto watashindanisha ngalawa kwenye kidimbwi mpaka uwachoke.

Maji mafu yakiingia, tutakwenda Kidike kuangalia popo. Najua umekunja uso! Hawa si wale wa darini. Popo wa Pemba hapatikani popote pengine duniani. Akikunjua mbawa anafika kama mita moja na nusu, na manyoya yake yana wekundu. Mchana wananing'inia mitini kwa mamia, wanagombana, wanajipepea. Mwishoni mwa miaka ya 1980 walikuwa wamebakia wachache mno, kwa kuwindwa na kwa kukatwa misitu. Wanakijiji ndio waliosimama kuwalinda, na sasa wapo maelfu kwa maelfu. Kiingilio ni kidogo, na ningependa tukilipe kwa moyo mkunjufu maana hao ndio walinzi. Kutoka barabarani kuna mwendo. Mdogo tutambeba mgongoni kwa zamu.

Njiani embe zitakuwa zimeanza, na shokishoki. Wachumaji wa karafuu nao huenda bado wako juu ya mikarafuu, na karafuu zimetandazwa majamvini kando ya barabara. Jirani yetu ana mikarafuu kadhaa. Jioni tunakaa wote ukumbini kuchambua, karafuu huku, makonyo, yaani vijiti vyake, kule, na wadogo wanapenda kwa sababu vidole vinanukia mpaka asubuhi. Wao wanachambua tu. Kupanda ni kwa watu wazima. Mvua ikinyesha kutwa, hiyo ndiyo kazi, pamoja na hadithi za mama. Wafundishe kabisa kuitikia "Pakawa!", maana asipoitikiwa hasimulii.

Siku ukienda mjini Chake Chake kwa shughuli zako, ingieni makumbusho yaliyomo ndani ya ngome ya zamani. Ni padogo, na kwa watoto wako ukubwa huo unatosha. Pujini, kwenye magofu ya Mkama Ndume, mtawala wa zamani, kuna kisima ambacho watu husema alikitenga kwa ukuta ili wake zake wawili wasionane. Mtoto wa miaka sita atalipenda hilo, lakini kufika kunahitaji kukodi chombo, kwa hiyo tutakwenda tu tukipata wa kugawana naye. Msitu wa Ngezi vilevile: kutoka Konde ni bodaboda. Misali, kile kisiwa kidogo, nakuambia wazi, iache. Ni pazuri mno, lakini boti ni ghali, na yule mdogo hatakumbuka chochote.

Lete vyandarua viwili, maana vuli ina mbu, na kofia za jua. Mafuta ya nazi yapo hapa.

Sasa niandikie upesi likizo yako inaanza tarehe gani, nitazame na mwezi, tukubaliane siku ya meli. Na uniambie mdogo anakula nini na hali nini. Baraka nimeshamwekea tawi moja la embe boribo, na wanangu wanajua ni lake.

Wako akupendaye,
Zuwena